Majani yakifika dirishani: amri za kufyeka parseli, toka Bula Matari mpaka leo

Swali la leo sikulitoa kichwani mwangu. Nilipewa na mama mmoja katika kambi ya wakimbizi wa ndani hapa Bunia, siku niliyokwenda kurekodi habari ya foleni ya maji. Nilikuwa nimeshazima mashine yangu. Akanishika mkono.

"Mwanangu wa redio, ngoja kwanza. Majani ikisha fika ku dirisha, ile parseli ingali yangu?"

Nyumba yake iko upande wa Djugu. Aliiacha mwaka 2018, usiku, na watoto na sufuria moja. Tangu hapo hajarudi. Kijana wa jirani aliyepita kule ndiye alimletea habari: uwanja umekuwa pori, majani yamefika dirishani, na mtu fulani ameanza kupanda muhogo mpaka karibu na jiko lake. Alipouliza, wakamjibu kwamba parseli iliyoota pori haina mwenyewe, na kwamba kuna amri ya usafi, na asiyefyeka anapoteza.

Nilimjibu nusunusu, nikaona haya. Mimi ni mtu wa habari, si mwanasheria. Lakini swali lake nililibeba. Nikaanza kuuliza wazee na kusoma sheria za zamani jioni, umeme ukiwepo. Nikagundua kwamba mama yule alikuwa ameuliza jambo moja ambalo ndani yake mna mambo matatu: majani ya afya, majani ya utii, na majani ya umiliki. Serikali zilizopita hapa zimeyachanganya kwa zaidi ya miaka 130, na mchanganyiko huo ndio unaomnyima usingizi.

Tuanze kabla ya mzungu. Katika vijiji vyetu vya Ituri, uwanja wa mbele hufagiliwa mpaka udongo mtupu. Hakuna aliyehitaji amri kwa hilo. Nyoka akipita unamwona, mtoto akitambaa hachomwi na kitu, mgeni akifika anajua nyumba ina watu. Hilo ni uwanja. Shamba ni jambo jingine. Shamba lililolimwa miaka mitatu au minne huachwa lipumzike. Pori linarudi, na hakuna anayesema kwamba lile pori halina mwenyewe. Kila mtu anajua ni pori la ukoo gani, makaburi ya nani yako ndani, nani alipanda ile miti. Ukitaka kulima pale, unaenda kuomba kwa wenyewe. Kwa mawazo ya wazee wetu, ardhi iliyoota majani ilikuwa imelala tu.

Halafu likaja neno la Leta, ndivyo wazee wanavyoiita Serikali mpaka leo. Tarehe 1 Julai 1885, nchi ilipoitwa Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II, ilitolewa amri fupi kwamba ardhi zilizo wazi ni mali ya Leta. Ardhi iliyo wazi ni ipi? Ni ile ambayo mtumishi wa Leta akiipita haoni nyumba wala shamba. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo shida ya mama yule ilipoanza. Mtu aliyetoka Ulaya aliangalia pori linalopumzika akasema hapa hakuna mwenyewe. Hakuuliza ukoo. Hakuuliza makaburi. Aliangalia majani tu. Tangu siku ile, katika nchi yetu, majani yanaweza kutoa ushahidi dhidi ya mwenye ardhi.

Jambo la afya lilikuja baadaye, na sitaki kulidharau. Ugonjwa wa usingizi uliua watu wengi sana mwanzoni mwa miaka ya 1900. Nzi wa mbung'o wanapenda kivuli cha vichaka karibu na maji, kwa hiyo madaktari waliamuru vichaka vifyekwe kwenye vivuko na mahali pa kuteka maji. Amri ile ilikuwa na maana. Na sisi wa Ituri tuna jambo letu wenyewe: tauni. Milima iliyo karibu na Ziwa Albert, pande za Djugu na Mahagi, inajulikana toka miaka ya 1920 kama mahali tauni inapolala na kuamka. Eneo la afya la Rethy lilipata wagonjwa tena mwaka 2020. Tauni haitoki kwenye majani, inatoka kwa viroboto wa panya. Lakini panya anapenda nini? Anapenda nafaka iliyowekwa ndani ya nyumba, takataka nyuma ya jiko, na kichaka kinachogusa ukuta. Muuguzi wa Rethy akikwambia ufyeke kandokando ya nyumba yako, mama, fyeka. Huyo hataki kukunyang'anya kitu.

Ila hata katika afya, amri haikuwa safi. Tuchukue Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wazungu walikaa upande mmoja, Waafrika upande mwingine, na katikati ikaachwa sehemu tupu yenye upana wa mamia ya mita. Sababu iliyotolewa ni mbu: kwamba mbu aliyemuuma Mwafrika asifike kwa mzungu. Léopoldville nayo ilipata sehemu yake, ikapambwa kwa uwanja wa gofu na bustani ya wanyama. Mwafrika akiacha majani mbele ya mlango wake, inspekta anampiga faini. Serikali ikiacha uwanja mzima mtupu katikati ya mji, hiyo inaitwa afya. Na mbu wa malaria hazai ndani ya majani makavu. Anazaa kwenye maji yaliyosimama, kwenye mashimo ya matofali. Lakini inspekta aliyepita na kijitabu chake aliona majani kwa urahisi zaidi kuliko shimo.

Kwetu huku, kazi kubwa ilikuwa dhahabu. Ilionekana mwaka 1903 upande wa Kilo, kisha Moto, na baada ya miaka michache maelfu ya watu walikuwa wakilala katika kambi za migodi. Kambi zile zilikuwa mistari iliyonyooka: nyumba, nyumba, nyumba, na kila mbele ya nyumba kipande cha udongo kinachotakiwa kung'aa. Jumamosi ilikuwa siku ya kugawa chakula cha wiki. Ndiyo maana mpaka leo Wakongo wengi wanaosema Kiswahili wanaiita siku ya posho. Mzee mmoja ambaye baba yake alifanya kazi mgodini aliniambia kwamba kwao siku ya posho ilikuwa pia siku ya kukaguliwa nyumba, na mama yake alianza kufagia kabla jogoo hajawika. Kumbukeni siku hiyo, tutairudia.

Kwa watu wa vijijini, sheria iliyobaki katika kumbukumbu ni dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933. Iliwapa machifu na watawala nguvu ya kuwatoa watu kazini bila hiari mpaka siku 60 kwa mwaka: kulima mazao yaliyoamriwa, kutengeneza barabara, kuchimba vyoo, kusafisha kijiji. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, siku zile ziliongezwa mpaka 120. Miezi minne kila mwaka, hesabuni wenyewe, ilikwenda bure. Vijiji vingi vilikuwa vimekwisha kuvutwa toka bondeni na mlimani kuletwa kando ya barabara, ili iwe rahisi kuhesabu watu, kuwachanja na kuwadai kodi. Hapo ndipo kijiji safi kilianza kuwa alama ya kijiji chenye utii. Mtawala alipita na gari, akiona majani marefu, hakufikiri nyoka wala panya. Alifikiri kwamba chifu huyu hana nguvu. Na chifu aliyeogopa kuondolewa alituma polisi wake, na polisi alikuwa na fimbo.

Katika miji palikuwa na dekreti nyingine, ya tarehe 23 Novemba 1931, iliyounda mitaa ya Waafrika waliotoka nje ya mila zao, yaani centre extra-coutumier. Mtaa ulikuwa na chifu wake, baraza, kodi, na mahakama ndogo. Mtu alipewa parseli akae, lakini kukaa kuna masharti: jenga hivi, panda uzio hivi, weka choo huku, safisha. Wanaosema kwamba zamani za Wabelgiji miji ilikuwa safi wana haki. Ilikuwa safi. Nami nauliza tu safi kwa nguvu ya nani, na wale waliofagia walikuwa na haki gani juu ya kile walichofagia. Kwa sehemu kubwa ya wakati ule, Mkongo mjini alikuwa anatumia parseli, hakuwa nayo.

Mwishoni kabisa, tarehe 28 Juni 1959, mwaka mmoja na siku mbili kabla ya uhuru, ilitoka ordonansi namba 74/345 juu ya usafi wa watu wote katika miji na makazi. Wabelgiji walikuwa karibu kufunga mizigo, lakini karatasi ile ilibaki. Mpaka leo watumishi wa usafi wakija kwenye uwanja wako, mizizi ya kazi yao iko pale. Mzigo wa kutunza parseli umewekwa juu ya mwenye parseli au anayekaa ndani. Anayekaa ndani! Wakati ule hakuna aliyefikiria mtu ambaye ni mwenye nyumba, lakini yuko kilomita 60 mbali, chini ya hema, na akirudi kufyeka anaweza kufa.

Uhuru ukaja. Tungefikiri kwamba majani yataacha kutoa ushahidi. Haikuwa hivyo. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria Bakajika, inayoitwa kwa jina la mbunge aliyeileta, na ikarudisha ardhi na madini mikononi mwa Serikali ya Kongo. Nia yake ilieleweka: makampuni ya kikoloni yalikuwa yameshika maeneo makubwa sana. Kisha tarehe 20 Julai 1973 ikaja sheria ya ardhi yenyewe, namba 73-021, iliyorekebishwa tarehe 18 Julai 1980. Ndiyo tunayoishi nayo. Kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi, na haipotei kwa muda kupita. Mimi na wewe tunapewa haki ya kuitumia, inayoitwa konsesyo. Mkongo anaweza kupata konsesyo ya daima. Kampuni na mgeni wanapata ya miaka 25, inayoweza kuongezwa. Na haki hiyo inakamilika siku ukipata cheti cha kuandikishwa, certificat d'enregistrement, kwenye ofisi ya hati za ardhi.

Lakini haki ile ina sharti, na sharti lina jina la Kifaransa ambalo kila mwenye karatasi ya parseli ameliona hata kama hakulielewa: mise en valeur. Maana yake ni kuipa ardhi thamani. Ujenge, au ulime, ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Usipofanya, Serikali inaweza kuichukua. Mtaona wenyewe kwamba hili ni lile wazo la 1885 limevaa shati jipya: ardhi ni ya yule ambaye kazi yake inaonekana kwa macho.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970, rais Mobutu akaleta salongo. Kazi ya wote, bila malipo, kwa kawaida Jumamosi. Siku ya posho imerudi, wasikilizaji, ila posho haikuwepo. Watu walitoka na majembe na mapanga, wakafyeka kandokando ya barabara, wakazibua mitaro. Wazee wengine wanaikumbuka kwa furaha, kwa sababu ya nyimbo na ngoma za chama. Wengine waliniambia kwamba ilikuwa ileile kazi ya dekreti ya 1933, aliyebadilika ni mwenye kushika filimbi. Asiyetoka alitafutwa. Aliyekuwa na kitu kidogo mfukoni alimpa aliyekuja kumtafuta, akarudi kulala. Jirani zetu wa Rwanda nao walipewa umuganda katika miaka ileile, na huo unaendelea, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Huku kwetu salongo ilikufa polepole pamoja na utawala wa Mobutu, kisha mameya na magavana wameifufua mara nyingi, mji hadi mji. Jumamosi asubuhi maduka yamefungwa, watu wanafagia mbele ya mlango, polisi wanapita. Mimi binafsi sina ubaya na salongo. Mtaro wa avenyu yetu usipozibuliwa, mvua ya kwanza inaingia jikoni. Nina ubaya na faini isiyo na karatasi ya kulipia.

Sasa tufike mahali panapouma.

Mwaka 1999, katika sekteri ya Walendu Pitsi, wilaya ya Djugu, uligombewa mpaka wa mashamba makubwa. Wenye konsesyo walidai kuwa hati zao zinafika mbali kuliko wanakijiji walivyojua. Wanakijiji walisema karatasi zilitengenezwa ofisini bila wao kujua. Na sheria ya 1973 ina mlango mmoja wa hatari: mtu akipata cheti, ikapita miaka 2 bila yeyote kukipinga, kukiondoa kunakuwa vigumu sana. Mkulima asiyejua kwamba cheti kipo atapinga nini? Sitaingia hapa katika nani alimfanyia nani nini. Wasomaji wetu wametoka pande zote na kila familia ina makaburi yake. Nasema tu kwamba vita iliyoua makumi ya maelfu ya watu wa Ituri ilianzia kwenye ugomvi wa ardhi, na ndani ya ugomvi ule palikuwa na swali lilelile: ardhi ambayo haijajengwa ni ya nani?

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 12 mwezi wa Mei 2003. Wanajeshi wa Uganda waliondoka Bunia mwanzoni mwa mwezi ule, na mji ukawaka. Watu wengine walikimbilia karibu na uwanja wa ndege, kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Familia yetu ilishika njia ya Komanda kuelekea Beni, kwa miguu. Tulirudi mwaka uliofuata. Nakumbuka tulipofika kwenye kona ya avenyu yetu, baba alisimama. Alikuwa anaogopa kuangalia. Nyumba ya kulia kwetu ilikuwa imefunikwa na majani, na ndani yake walikuwa wanaishi watu tusiowajua. Ya kushoto vilevile, na mlango umeng'olewa. Yetu ilikuwa imesimama katikati, na mbele yake udongo umefagiliwa.

Kumbe mzee mmoja wa avenyu, ambaye hakukimbia kwa sababu miguu yake ilikuwa mibovu, alikuwa amekuja kila wiki kufagia. Mbele tu, kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nyuma hakugusa, nyuma palikuwa pori ambalo lilitufikia mabegani. Tena alitundika nguo zake kuukuu kwenye kamba yetu ya kuanikia. Wapita njia, na wenye bunduki, walidhani mna watu. Baba alitaka kumlipa, akakataa. Baadaye alikubali mbuzi.

Majirani wale wawili walihangaika miaka. Mmoja alikuwa na cheti na alishinda, baada ya kwenda mahakamani mara nyingi na kuuza vitu vingi. Mwingine alikuwa na karatasi ya mkono iliyotiwa sahihi na shefu wa kartie aliyekwisha kufa. Hakurudi kwake mpaka leo. Anakaa kwa kupanga, upande mwingine wa mji, na akipita avenyu ile huangalia mbele. Karatasi kumi za sheria hazikunifundisha kitu kama ule ufagio wa mzee. Sheria haisemi popote kwamba aliyefagia ndiye mwenyewe. Lakini watu wanaishi kana kwamba inasema hivyo, na wenye kunyang'anya wanalijua hilo vizuri.

Kwa hiyo nilirudi kambini kumjibu mama. Nimeandika hapa nilichomwambia, kwa sababu najua si yeye peke yake. Tangu Desemba 2017 mamia ya maelfu ya watu wa Ituri wamehama makwao, na tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na bado vijiji vingi vimeachiwa majani.

Nilimwambia kwanza kwamba amri ya usafi na haki ya parseli ni vitu viwili. Komine na mji vina kazi ya usafi, hata sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya serikali za mahali inawapa kazi hiyo. Wanaweza kuamuru ufyeke, wanaweza kukupiga faini. Faini ya majani haimpi mtu mwingine nyumba yako. Shefu wa avenyu au wa kartie anayesema "umeacha pori, nimempa fulani" anasema jambo ambalo hana nguvu nalo.

Pili, lile sharti la mise en valeur. Lipo, sikumficha. Lakini linakwenda kwa njia ya ofisi ya ardhi, kwa maandishi, na kwa onyo kwanza kwa mwenye mkataba. Tena sheria yetu ya mikataba ni ya tarehe 30 Julai 1888, nzee kuliko wazee wote wa Bunia, na inajua kitu kinachoitwa nguvu isiyozuilika: mtu aliyeshindwa kutimiza ahadi kwa sababu ya jambo kubwa kuliko yeye. Kama vita ya Djugu si jambo kubwa kuliko mjane na watoto wanne, sijui jambo kubwa ni lipi. Mwanasheria anaweza kulisema mbele ya hakimu. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kwa mila, mama. Hata kama huna cheti. Nje ya Kongo pia yameandikwa: mapatano ya Maziwa Makuu ya mwaka 2006, ambayo nchi yetu ni moja ya 11 zilizotia sahihi, yana sehemu nzima juu ya mali ya watu wanaorudi makwao, na Mapatano ya Kampala ya Umoja wa Afrika, ya 2009, yanataka serikali zilinde mali ambayo waliohama wameiacha nyuma.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na yule wa muhogo, amesoma hiyo Katiba?"

Tukacheka wote wawili. Alikuwa na haki. Ndipo nikamwambia la tatu, ambalo ni la haraka kuliko yote: ile miaka 2. Akisikia kwamba mtu ametengeneza karatasi juu ya parseli yake, asingoje kurudi nyumbani ndipo alalamike. Aandike sasa, apeleke nakala kwa ofisi ya hati za ardhi na kwa shefu wa mahali, na abaki na nakala yenye muhuri. Aandike majina ya majirani wanne wa mipaka, na wapi walipo sasa, maana wengi wako kambi hiihii. Aandike miti aliyopanda na makaburi yaliyo ndani. Alikuwa nayo maparachichi mawili na kaburi la baba mkwe. Na kama kuna mtu anayeweza kufika kule salama, amwombe afyeke, lakini kwa karatasi inayosema kwamba anafyeka kwa niaba yake. Wako waliomwachia ndugu ufunguo na kurudi wakakuta ndugu ni mwenye nyumba.

Jambo moja nilikataa kumshauri, ni kwenda mwenyewe. Watu wa kambi wameuawa wakirudi kuvuna mashamba yao wenyewe. Hakuna amri ya usafi inayostahili hilo.

Barua tuliandika siku ileile, juu ya goti langu. Alitaka iandikwe kwa Kifaransa, kwa sababu alisema Leta haisomi Kiswahili. Nikaandika kwa Kifaransa, nikamsomea kwa Kiswahili, akaweka kidole gumba.

Wiki iliyopita nilimkuta tena kwenye foleni ya maji. Akatoa simu ndogo ya mwanawe. Mpwa wake, aliyepita kule na msafara wa wafanyabiashara, alikuwa amempigia picha. Nyumba karibu haionekani. Muhogo wa yule mtu upo. Maparachichi yote mawili yapo. Na toka barabarani mpaka mlangoni imefyekwa njia moja nyembamba, upana wa mtu mmoja, na mlangoni ameegemeza ufagio.